Vipandio Mia Mbili Sabini na Viwili

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, Joviale alishuka ngazi za Bloc Maendeleo akiwa na barua mkononi, na kama kawaida yake tangu utotoni, alihesabu vipandio. Vilikuwa mia mbili sabini na kimoja. Aliporudi saa tano, barua ikiwa imebaki ofisini na nakala yake ikiwa na muhuri wa kupokelewa, vilikuwa mia mbili sabini na viwili. Kile kipya alikikanyaga polepole, kwa sababu kipandio kipya huwa na unyevu siku ya kwanza, kisha akaendelea kupanda.

Kwa nje jengo halikuwa limebadilika. Lilikuwa lile lile la ghorofa nne lililosimama Nyalukemba, mali ya jiji, lililojengwa zamani kwa ajili ya watu wa mishahara midogo. Wapangaji walikuwa bado ni walimu, wauguzi na mafundi, na mishahara yao ilikuwa bado midogo. Paa lilivuja, mabomba yalikuwa yamekauka, na pembeni mwa ngazi palikuwa wazi tangu vyuma vya kushikilia vilipoliwa na kutu vikaanguka. Papa Cirhuza, mshona viatu wa ghorofa ya kwanza, alikuwa amevunjikia mguu hapo. Siku hizi alishonea viatu vyake kwenye kipandio cha arobaini, maana kushuka hadi barabarani kulimpotezea asubuhi nzima.

"Joviale, leo imefika ngapi?"

"Mia mbili sabini na mbili, papa."

"Udongo ya Bukavu inatembea, mutoto. Nyumba ya bengine inateremuka, yetu inapanda. Tushukuru Mungu."

Joviale alikuwa na licence, shahada ya chuo kikuu, ya sheria na hakuwa na kazi, kwa hiyo wapangaji walikuwa wamemchagua katibu wao. Kila Jumatatu kwa muda wa miaka minne alikuwa ameiandikia Regi ya Nyumba za Umma, ofisi ya jiji yenye kusimamia majengo hayo, barua moja, yenye kichwa, tarehe, marejeo ya barua zilizotangulia na maneno ya heshima mwishoni. Aliamini, kama walivyoamini watu wote aliosoma nao, kwamba barua yenye muhuri wa kupokelewa haiwezi kupotea, na kwamba mtu asipojibiwa, dawa yake ni kuandika nyingine iliyo bora zaidi.

Alipofika juu, alitoa farde yake, jalada la nakala zote, chini ya kitanda, akaandika namba kwenye nakala mpya: 204. Kalamu ikasimama hapo. Alikumbuka kwamba alipokuwa mtoto ngazi zilikuwa na vipandio sitini na vinane, kumi na saba kwa kila ghorofa. Alijumlisha kwenye kona ya karatasi. Kisha akaenda jikoni, alikokuwa nyanya yake, Koko Bibiane, akichambua maharagwe.

"Koko, ni mimi."

"Ni weye nini?"

"Mangazi. Kila barua yangu inaleta moja. Mimi njo nimekufungia huku juu."

Koko Bibiane alikuwa na miaka sabini na minane, na mwaka huu ulikuwa wa tatu hajakanyaga chini. Dada yake Adolphine, aliyempita miaka miwili, alikaa Cimpunda, mlima wa upande wa pili, na magoti yake hayakuweza kupanda. Kila siku saa kumi alasiri, Adolphine alitundika kitenge chekundu kwenye kamba ya nguo, na Koko Bibiane alitundika cha manjano dirishani. Maana yake ilikuwa kwamba wote wawili bado wapo. Simu walikuwa nazo, ila kitenge hakikuhitaji kuchajiwa.

Koko Bibiane alitupa jiwe dogo lililokuwa katikati ya maharagwe. "Barua ya kwanza uliandika juu ya nini?"

"Juu ya paa. Maji ilikuwa inakuangukia ku kitanda."

"Basi hukukosa. Benye kukosa ni bale benye habajibu." Akachambua kidogo. "Lakini mi nataka kumuona Adolphine na macho, Joviale. Simu haina mikono. Tukikufa bila kushikana, nitakasirika kabisa."

Jumatatu iliyofuata Joviale alikwenda Regi mikono mitupu. Karani wa dirisha la mapokezi, Aganze, alikuwa ameshanyanyua muhuri alipomwona. Akabaki ameushika hewani.

"Barua iko wapi, mademoiselle?"

"Leo haiko. Leo niko na ulizo. Barua zangu zinaendaka wapi?"

Aganze alimpeleka nyuma, kwenye chumba kisafi chenye dirisha moja. Barua za jiji zima zilikuwa humo, zimepangwa kwa tarehe, kila bahasha na muhuri wake, na hakuna hata moja iliyofunguliwa. Za Joviale zilikuwa na rafu yao peke yao, imefutwa vumbi.

"Nani anasomaka?"

"Mi niko wa kupokea. Kusoma ni service ingine."

"Hiyo service iko wapi?"

"Haiyafunguliwa," alisema Aganze.

Joviale alimweleza habari za ngazi. Aganze alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayeambiwa bei ya unga. "Inawezekana. Kuna bale ba kisima, kule Kadutu. Banaandika sana, bale. Kisima yabo imeingia chini mita mia na kumi." Akashusha muhuri wake mezani bila kugonga kitu. "Sikia, mademoiselle. Barua inaingia mu chumba. Lakini fomu inapanda kwa directeur, na directeur anasinyaka fomu, anatia sahihi. Juu ya nini hauyazi fomu?"

"Fomu gani?"

"Ya kuhesabu majengo. Iko na pages ine, iko bure. Hakuna mutu amekuya kuiomba tangu nianze kazi."

Joviale aliisoma akiwa amesimama, mbele na nyuma, mpaka herufi ndogo za ukurasa wa nne. Huko palikuwa na mambo mawili. La kwanza: ghorofa za jengo huhesabiwa kwa kugawanya idadi ya vipandio kwa kumi na saba. Aganze alieleza kwamba zamani mawakala walichoka kuingia kwenye varanda za watu na kuumwa na mbwa, wakaomba njia isiyopita milangoni. La pili: jengo la umma lenye ghorofa zaidi ya kumi, likiwa na watu ndani na likiwa bovu, hupewa fedha za makazi kabla ya ujenzi wowote mpya.

Fedha za makazi za mwaka ule zilikuwa tayari zina safari yao. Zilitakiwa kwenda kwenye kuta na bustani za villa kumi na mbili kwenye peninsula, rasi iliyoingia ziwani, zilizoitwa makazi ya wafanyakazi, ingawa hakuna aliyekuwa ameambiwa ni wafanyakazi gani. Ilibaki kura ya baraza la jiji tu, wiki mbili baadaye.

Joviale alijaza fomu pale pale dirishani. Aganze aliigonga muhuri, na jioni ile ngazi hazikuongezeka.

Alhamisi Aganze alikuja mwenyewe na chaki, kwa kuwa service ya kuhesabu ilikuwa na mtu mmoja na mtu huyo alikuwa mgonjwa. Alianza saa mbili asubuhi, akitia alama kwenye kila kipandio. Kwenye cha arobaini Papa Cirhuza alimshonea soli ya kiatu cha kushoto.

"Patron, hesabu vizuri," alisema Papa Cirhuza. "Ukisahau moja, mi ninayo hapa nimeikalia."

Kwenye cha tisini alipewa chai. Kwenye cha mia moja hamsini alikuta sahani ya sombe ya majani ya muhogo na bugali, na mwalimu Yolande wa ghorofa ya pili alimshikia chaki wakati anakula. Alifika juu saa tisa na nusu, shati limemgandia mgongoni. Koko Bibiane alimpa kiti karibu na dirisha na kumwuliza habari za chini: kama barabara bado ina mashimo, kama mti wa mbele ya kanisa la paruasi bado umesimama. Saa kumi kitenge chekundu kilionekana ng'ambo, kidogo kama kucha. Aganze, aliyekuwa mrefu, akamsaidia kutundika cha manjano.

Kisha akagawanya mia mbili sabini na mbili kwa kumi na saba.

"Kumi na sita," alisema. "Na haiachi reste." Kwamba hesabu haikubakiza kitu kulimfurahisha sana.

Ijumaa mkurugenzi wa Regi, Bwana Donatien, alitia sahihi fomu hiyo pamoja na karatasi nyingine thelathini, huku akizungumza na simu kuhusu majani ya bustani.

Siku ya kura, wapangaji walijaa ukumbini wakiwa wamevaa nguo za misa. Joviale alisimama. Hakuomba. Alisoma kanuni ya ukurasa wa nne, akasoma hesabu, kisha akakaa. Madame Olive, mshauri wa baraza aliyeongoza kikao, alivua miwani.

"Directeur, hii Bloc Maendeleo iko na étages ngapi?"

"Ine, madame," alisema Bwana Donatien, akicheka. "Mutu yote anapita pale anaiona. Ine."

"Fomu inasema kumi na sita. Hii sahihi ni ya nani?"

Bwana Donatien alisogezewa karatasi. Nyuma ya ukumbi Papa Cirhuza alikohoa.

"Ni yangu."

"Ulisinya bila kusoma?"

Bwana Donatien alikuwa ametia sahihi karatasi nyingi mwaka ule, nyingine kuhusu villa, na kama angesema moja hakuisoma, wangemwuliza habari za nyingine.

"Nilisoma," alisema. "Iko kumi na sita."

"Basi iko kumi na sita," alisema Madame Olive, akavaa miwani.

Kura zilihesabiwa kabla ya saa sita. Fedha zote za kuta na bustani zilihamishiwa Bloc Maendeleo. Wanawake wa ghorofa ya tatu walipiga vigelegele mle mle ukumbini, na walinzi, waliotakiwa kuwatoa, walisubiri kwanza wamalize. Watu walipanda na kushuka barabara ya Nyalukemba wakiimba, pikipiki zikiwafuata kwa honi. Joviale alilia kidogo kwenye bega la mwalimu Yolande, kisha akampigia Koko Bibiane, ambaye alikuwa ameshazisikia honi na ameshatundika vitenge vitatu.

Kazi ilichukua miezi mitano. Kwa kuwa fedha zilikuwa za ghorofa kumi na sita na ghorofa zilikuwa nne, hakuna kilichofanywa kwa ubahili. Paa likawa jipya, maji yakapanda mpaka juu, kila mlango ukawa wa mbao ngumu ya libuyu na kitasa kisichokwama. Mafundi walipofika kwenye ngazi, mhandisi wao alihesabu, akaandika mia mbili sabini na mbili, akaagiza saruji ya kutosha. Walirekebisha kingo, wakaweka taa, wakaweka vyuma vya kushikilia pande zote mbili na benchi kila baada ya vipandio ishirini. Vyote vikapakwa rangi ya buluu. Hakuna aliyependekeza kuvipunguza. Vilikuwa kwenye mpango.

Jumatatu ya kukabidhi jengo, wapangaji walikubaliana kwamba haifai kupewa na kunyamaza. Joviale aliandika barua ya shukrani, yenye kichwa, tarehe na maneno ya heshima mwishoni, akaipeleka Regi saa moja na nusu. Aganze aliipokea kwa mikono miwili. Kwa muda wa pumzi moja alionekana kutaka kuifungua.

"Ni ya aksanti tu," alisema Joviale. "Unaweza kuisoma."

"Ningependa kabisa," alisema Aganze, akagonga muhuri, akaenda kuiweka kwenye rafu yake.

Joviale aliporudi, vipandio vilikuwa mia mbili sabini na vitatu. Kile kipya kilikuwa katikati kabisa ya ngazi, mia moja thelathini na sita juu yake na mia moja thelathini na sita chini yake. Kilikuwa na unyevu kidogo. Kilikuwa pia kimeshapakwa rangi ya buluu, na vyuma vya pembeni vilikuwa vimerefuka kukifuata. Joviale alikifuta kwa leso yake na kutandika gazeti.

Mchana ule Koko Bibiane alifunga mlango wake wa libuyu, akashika chuma kwa mkono wa kulia, akaanza kushuka. Chini, pikipiki kutoka Cimpunda ilimshusha Adolphine, naye akashika chuma kwa mkono wa kushoto. Walipumzika kwenye kila benchi. Wapangaji walifungua milango, na Papa Cirhuza aliondoa sindano na nyundo yake njiani.

Sauti zao zilikutana kwanza.

"Bibiane, uko unateremuka ao umelala?"

"Niko nateremuka! Weye njo unapanda kama kinyonga!"

"Nilikuambia ulete chai."

"Nimeleta. Kuya uikunywe."

Waliketi wote wawili kwenye kipandio kipya, ambacho kiliwatosha, wakashikana mikono na kuangaliana kila mmoja alivyozeeka. Saa kumi alasiri siku ile hakuna kitenge kilichotundikwa Cimpunda wala Nyalukemba, na watu wa milima yote miwili waliotazama kamba tupu walielewa, wakaendelea na kazi zao.