Nane kwa Sita

Mburugu aliondoka Chogoria asubuhi na wazee wake, mbuzi wakilia nyuma ya pikapu, na onyo moja masikioni: siku ya ruracio, ya kupeleka mahari, mposaji hafungui kinywa. Wa kusema ni msemaji, na msemaji wao alikuwa mjomba Griffins, mwenye sauti ya mnadani.

Huko Kiganjo, Nyeri, walikuta wanawake wamejipanga nje ya geti kwa leso za rangi moja, wakiimba kwamba wageni hawa hawawajui. Hilo walilitarajia. Hawakumtarajia Wamucii, shangazi ya bibi harusi, Wacera. Mwalimu huyo wa hesabu hakuutaka uchumba ule tangu mwanzo. Alisema waziwazi kwamba binti anapelekwa mbali kwa mtu ambaye hakuna ajuaye kichwa chake kina nini. Na bila mkono wake kufungua geti, wazee wa ndani wasingekaa kusikiliza neno.

Geti lenyewe lilikuwa la mbao, kuukuu, limelegea upande mmoja hadi likawa linalima ardhi kila likisukumwa. Wamucii aliwaonyesha ubao mrefu uliolazwa kando ya ua, na msumeno juu yake.

"Nane kwa sita," akasema. "Mkikata ile ya kupita katikati, kona kwa kona, mtaingia. Na msipimie kwa geti. Limepinda, litawadanganya."

Griffins aliwakusanya wazee nyuma ya pikapu. Siku kama hiyo, kwao, nambari haikuweza kuwa kitu kingine ila mbuzi. Wakanong'onezana: nane wa wazee, sita wa akina mama, na huyo wa kukatwa katikati lazima ni beberu wa karamu. Hiyo kona kwa kona iliwasumbua kidogo, lakini mmoja akasema huenda ndivyo watu wa Nyeri wanavyogawa nyama.

"Mama, tumesikia," Griffins akatangaza. "Nane na sita ni kumi na nne, na tuko nao. Yule wa kukatwa tutaongeza."

Wanawake walicheka mpaka wimbo ukawakatikia. Wamucii hakucheka. Alisema ubao wa futi kumi na nne ungefika kwa jirani.

Mburugu alikuwa amelielewa swali. Geti lilikuwa na upana wa futi nane na kimo cha futi sita. Kona ikikaa mraba, upande wa mshazari ni ngapi? Hesabu nyingi za shule zilikuwa zimemtoroka, lakini hii ilikataa kuondoka. Nane mara nane, sitini na nne. Sita mara sita, thelathini na sita. Jumla mia moja, na mia moja ni kumi mara kumi. Alimvuta mjomba koti akamwinulia vidole vyote.

Griffins alimtazama kwa huruma, kisha akawaambia wanawake kwamba kijana anaomba wapunguziwe hadi kumi.

"Bado yuko getini na ameanza kumpunguza mtoto wetu?" Wamucii akauliza.

Vicheko vikazimika. Shangazi akaanza kuwageuza wenzake warudi ndani, na Mburugu akaona kwamba akinyamaza ataitunza mila vizuri kabisa, na Wacera atamkosa.

"Shangazi, si mbuzi," akasema. "Ubao ni futi kumi. Geti likiinuliwa, kona zikae mraba, utaingia. Likilala hivi, hauingii."

Wazee wake wakashika vichwa.

"Nani amekwambia useme?" Wamucii akauliza.

"Hakuna. Lakini mjomba alikuwa karibu kuniharibia ndoa kwa sababu ya mbuzi wanne."

Midomo ya Wamucii ikapambana na tabasamu ikashindwa. "Kata," akasema.

Mburugu akatoa futi ya kupimia kwenye pikapu, akapima, akakata. Griffins, ndani ya suti yake mpya, aliliinua geti kwa bega huku akiuliza ni mkwe gani hukaribishwa namna hii. Ubao ukaingia kona kwa kona, ukakaza, ukapigiliwa misumari. Wamucii alilisukuma geti kwa mkono mmoja, nalo likaenda kimya, halikugusa ardhi.

"Mposaji amesema, kwa hivyo atalipa faini," akawaambia wanawake. "Chakula atakula meza yangu, kando yangu. Nataka kusikia hicho kinywa kina nini kingine."

Kisha akaanzisha wimbo mwenyewe, na mbuzi wakatangulia kuingia.