Bendera Mbili za Doti Moja

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Kama nimeongeza hata chumvi ya kuonjea, mkono huu unaoshika kalamu na ukauke. Niliapa hivi hivi mwaka wa hamsini na tano, barazani kwangu Nguvumali, baada ya alasiri, na Zubeiri fundi cherehani akacheka mpaka kahawa ikampalia.

"Shikamoo, Mzee Uweso. Lakini leo viapo havitoshi. Weka kitu."

"Marahaba. Nikiwa mwongo, mchinjeni kuchi wangu."

Baraza zima likanigeukia. Kuchi wangu walimjua: jogoo wa miguu mirefu, shingo haina unyoya, anatembea kama liwali. Sleyum wa Pangani alimtaka mara tatu, mara tatu nikamkatalia.

Nikaanza. Wakati wa vita vya Mjerumani nilikuwa kijana, nimeoa juzi tu kule Moa, karibu na mpaka. Asubuhi kijiji ni cha Mjerumani, adhuhuri cha Mwingereza aliyetokea upande wa Vanga, magharibi hakijulikani cha nani. Kila jeshi likiingia lilitazama juu kwanza. Likiona bendera yake, linaomba maji ya kunywa. Lisipoiona, linaswaga mbuzi.

"Baba mkwe alikuwa na mbuzi arobaini," nikasema, "na mlinzi wao mimi. Nikachukua doti ya leso ya harusi ya mke wangu, nikaikata katikati. Leso moja bendera ya Mjerumani, ya pili ya Mwingereza. Nikapanda mnazi mrefu kuliko yote Moa, nikafunga kamba mbili. Wakija wa kusini navuta hii, wakija wa kaskazini navuta ile. Miezi mitatu, hakupotea mbuzi hata mkia!"

"Na wakija wote pamoja?" akauliza Zubeiri.

"Walikuja! Nikavuta kamba zote mbili. Kila jeshi likaona bendera yake, likajua limeshashinda. Wakageuka, wakaenda zao wakiimba."

Watu wakapiga makofi. Zubeiri akaweka kikombe chini, taratibu.

"Mzee, kazi yangu ni kupinda leso. Doti moja leso mbili, rangi ile ile, maua yale yale. Sasa ya Mjerumani ilikuwa ipi?"

Hapo niliuona mtego. Lakini mimi si wa kushikwa kwa swali moja.

"Ndio ufundi wenyewe huo! Askari aliyetembea tangu alfajiri na njaa yake, akiona kitambaa kinapepea, anaona anachokitaka."

Vichwa vikaanza kutikisika, kwamba labda. Kuchi akawika uani kama aliyesamehewa.

"Baba Saleha."

Sauti ya mke wangu Mwatumu, dirishani. Mkono wake ukapenya nondo, na mkononi doti nyekundu inanukia udi, mikunjo ile ile ya dukani.

"Doti ya harusi yangu hii hapa. Tangu uilete haijakatwa. Na mbuzi wa baba walikwenda wote, nusu kusini, nusu kaskazini. Wewe ulikuwa umejificha mikokoni, matope mpaka kifuani."

Zubeiri akaikunjua, akapitisha kidole katikati, pale leso mbili zinapoungana. "Haijaguswa na mkasi," akasema.

"Mama Saleha! Unaniuza mbele za watu?"

"Mbuzi arobaini nilikusamehe. Huyo kuchi simsamehe, kanimalizia mchicha wangu wote."

Ijumaa, kabla ya sala, nilimwelekeza kuchi kibla, nikamchinja kwa mkono wangu mwenyewe, Zubeiri kashika miguu. Tulipotoka msikitini bado alikuwa anachemka, mgumu kama kiatu. Nikawapakulia wote wali wa nazi na nyama, sinia moja, wao wakinong'ona "navuta hii, navuta ile" na kucheka. Mwatumu alikwisha kujiwekea paja jikoni.

Mimi nikaachiwa shingo.