Mahindi ya Marcienne

Lori la kampani lilifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale siku mawingu yalipoanza kutuna. Marcienne alipotoka kuchota maji, alikuta rundo lake la mabua ya mahindi limeshapakiwa. Dumu likamponyoka.

"Teremsheni! Ndani kuna mbegu yangu!"

Mbegu hiyo ilitoka Burundi ndani ya nguo yake. Miaka yote aliifunga kwa maganda yake, akaitundika juu ya meko ili moshi ufukuze wadudu. Msimu huu wezi walipekua majiko, naye akayaficha mahindi arobaini katikati ya mabua. Nani aibe mabua? Hakufikiria mwizi mwenye lori.

Constantin, Mkongo, mwenyekiti wa kijiji, hakunyanyua macho kutoka kwenye orodha yake.

"Mama Élyse, tulisema mu mkutano. Mabua ni taka, taka ni ya kampani. Banachoma pamoja na makaa ya mawe, moshi inapunguka, dunia inapona."

"Dunia ipi, président? Hii ninayolima?"

"Usilete maneno mingi. Gaudiose alileta. Shamba yake iko wapi?"

Marcienne akaokota dumu lake. Shamba la Gaudiose lilikuwa limepewa mtu mwingine, na jirani hata mmoja hakuuliza.

Lori lilipoondoka, Marcienne akalifuata kwa teksi hadi mji wa Mbarara, akaulizia njia mtaa mzima wa Kakoba, mpaka geti la kiwanda cha kampani. Nyuma ya ukuta mkanda ulikuwa unapanda kuelekea tanuri: makaa meusi, mabua ya manjano, makaa, mabua.

"Afande, niache nichambue. Mahindi tu."

"Mama, hapa hakuna mahindi," askari alisema. "Hapa iko taka. Rudi kambini."

Ndipo upepo ukageuka. Askari akanusa, akacheka.

"Eh! Nani anachoma mahindi? Njaa imenishika!"

Marcienne alisimama pale mpaka harufu ikaisha.

Wiki iliyofuata lori lilirudi na magunia ya majivu. Mbolea ya msaada, alisema Constantin. Kila mama akapigwa picha amekumbatia gunia lake. "Cheka kidogo, Mama Élyse."

Marcienne alipolimwaga lake shambani, akaona punje za mahindi zimeungua nyeusi, zimechanganyika na vipande vya makaa. Mvua ya kwanza ilikuwa inadondoka. Jirani zake walikuwa wamekwishainama mistarini wakipanda.

Marcienne akachimba shimo. Akatia punje tatu nyeusi, tatu kama alivyofundishwa na mama yake, akafukia, akasogea hatua moja, akachimba lingine.