Radi Tatu za Kiangazi

Mkaguzi alikuwa ameshaamua kabla hajashuka garini: kituo cha sita kifungwe. Kati ya vituo vyote vya mkoa vya kupima hewa na damu ya watoto, hiki ndicho kilichokuwa kinatafuna fedha kama mchwa. Mashine tatu kwa mwaka! Na kila fomu, kwenye mstari wa chanzo cha uharibifu, fundi ameandika neno lilelile: radi.

"Radi tatu, tena kiangazi?" mkaguzi alimuuliza fundi. "Mzee, unanifanya mtoto?"

Fundi alivua kofia. Utosini palikuwa na kovu refu lililoshonwa ovyo. "Ngoja saa nane, mwanangu. Zamu ya kiwanda cha betri ikitoka, utaiona hiyo radi."

Mkaguzi akingoja, alipekua daftari la damu, akakuta jina la mtoto wa kaka yake limezungushiwa wino mwekundu.

Saa nane ilipogonga, haikupita hata robo saa. Mlango uling'oka na bawaba zake, wanaume wanne wakaingia na nondo, nyuso wamezifunga vitambaa. Fundi, mzee wa watu, akaikumbatia mashine. Walimpiga mkono mpaka mfupa ukalia, wakampiga mbavu, wakamburuta sakafuni damu ikimtoka puani. Mkaguzi akapiga yowe, akamrukia aliyetangulia, akamvua kitambaa.

Loh! Kaka yake wa tumbo moja, aliyekuwa akimbeba mgongoni kumpeleka shule.

"Toka hapa, mdogo wangu," alisema akihema. "Mashine hii ikisema, kiwanda kinafungwa."

"Kaka, mwanao yumo humu daftarini! Damu yake imejaa sumu ya betri!"

"Najua." Machozi yalimlenga, lakini nondo hakuishusha. "Najua. Kiwanda kikifungwa, atakula nini?"

Akamgonga kiwiko cha mdomo, kisha akaigeukia mashine. Aliiponda kama anayeua nyoka, mpaka ikawa vyuma vitupu. Wakaondoka zao.

Mkaguzi alimfunga fundi mkono kwa mtandio wake. Halafu akaokota fomu iliyokanyagwa.

"Andika radi," fundi alinong'ona. "Ni ndugu yako, mwanangu. Watamfunga."

Mkaguzi alilia kwa sauti, bila kujificha. Kwenye mapendekezo akaandika: kituo kiendelee, kiwekewe mlinzi. Kwenye chanzo cha uharibifu akaandika majina yote matatu ya kaka yake, na mawili ya mwisho yalikuwa yake yeye pia.