Maua Yasiyopatana na Ndizi

Mwanangu Aikaruwa alipopata kazi kwenye shamba la maua kule Usa River, mwaka wa tisini na sita, nilimwambia wazi kwamba hakuna mtu mwenye akili atakayemlipa kwa kukata maua. Nilikosea. Jumatano moja mume wangu Primus alirudi kutoka stendi ya Moshi amekumbatia ndoo iliyojaa alizeti fupi, mawaridi, na maua meupe yaliyokunjwakunjwa kama gauni la kipaimara. Yalikuwa ya jubilei ya ndoa yetu, miaka ishirini na mitano, misa Jumapili. Nililia, na sioni aibu kusema.

Ndani kulikuwa na barua. "Mama, kata vikonyo mshazari kwa kisu kikali. Toa kila jani litakalozama. Badilisha maji kila siku. Na usiyaweke karibu na ndizi mbivu, yatazeeka kabla ya sherehe."

Ndizi mbivu! Nyumba nzima nilikuwa nimevundika ndizi: za pombe ya mbege uvunguni, za wageni jikoni, na mikungu minne sebuleni. Hata hivyo nilikata, nikapanga, marefu katikati na mafupi pembeni. Yale majani marefu ya kijani ambayo Aikaruwa aliyazungushia maua sikuyatazama mara mbili.

Alhamisi asubuhi maua meupe yalikuwa yamejifumba, na mawaridi mawili yameinama.

"Yapeleke kwa Theodora," Primus akasema. "Ndizi zake anauza mbichi. Kwake hakuna hata moja iliyoiva."

"Heri yafe."

Theodora ni mke wa mdogo wake Primus, na kihamba chao, shamba lao la migomba, kimepakana na chetu. Miaka miwili nyuma masale, ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, yaling'olewa. Alisema ni mimi, nikasema ni yeye. Tangu hapo salamu yetu ilikuwa ile ya kupeana amani kanisani, tena kwa ncha za vidole.

Saa nne waridi la tatu likainama. Nikamfikiria mwanangu akiyachagua moja moja, nikabeba ndoo. Njiani nilikariri moyoni: naomba chumba tu, siombi kingine.

Theodora alikuwa anafagia uwanja. Akanitazama, akaitazama ndoo, fagio likamdondoka.

"Mama Aika," akasema taratibu, "umeniletea isale?"

Nikatazama. Mama yangu wee! Yale majani marefu yalikuwa masale. Kwetu Uchaggani ukimkosea mtu ukamletea jani hilo, hawezi kukunyima msamaha, hata kama ulimchomea nyumba. Nikafungua mdomo kusema ni pambo tu, na mwenye kosa ni yeye. Kisha nikaona machozi yake.

"Nimekusamehe," akasema, akiipokea ndoo kwa mikono miwili. "Na mimi unisamehe. Nilikuwa nakusikia ukiimba migombani, natamani kuitikia."

Nilikuwa nimemkumbuka kuliko nilivyojua.

"Haya," nikasema, "leta kisu tukate vikonyo upya."

Aliyaweka chumba cha nyuma, kwenye baridi, akayabadilishia maji asubuhi na jioni kama anayelea mtoto. Jumapili mengi yalikuwa yamechanua, na aliyabeba mwenyewe mpaka altareni. Baada ya misa nikamvuta Aikaruwa pembeni.

"Yale masale uliyaweka ya nini?"

"Yapi? Aa, yale majani? Tunayaweka kwenye maua ya Wazungu kila siku, mama. Yanajaza tu."

Mawaridi yalipukutika siku ya nne. Lakini isale moja lilikuwa na kishina chake, Theodora akaliacha majini mpaka likatoa mizizi, akalipanda mpakani, palepale yalipong'olewa yale mengine. Sasa kila mgeni akipita anaonyeshwa.

"Hili Mama Aika aliniletea mwenyewe, kuja kuniomba msamaha."

Aliyeng'oa ni yeye! Naapa ni yeye. Damu inanichemka kila nikisikia, nashika kiuno, nakohoa.

"Ni kweli," nasema. "Nililileta mimi."