Mkwe Mlangoni, Pikipiki Mguuni

...lakini iliwaka, hilo hakuna wa kuninyang'anya, iliwaka, chuma kilicholala tangu mzungu wa Lugari alipopakia vitanda vyake kwenye lori akarudi kwao, nimekipiga kiki asubuhi nzima kikinirudishia teke la muundi, halafu kwa ghafla kikanguruma, nikacheka peke yangu humu kibandani, na kicheko hakijaisha nikawa chini, sijui nimefikaje chini, naona nyasi za paa, naona tumbo la tangi, mguu wangu wa kulia uko chini ya pikipiki na mimi nimelala ubavuni mwake, Mungu wangu, ilikuwa ndani ya gia, nilidhani nimeitoa kumbe ilikuwa ndani ya gia, ikaruka, ikagonga nguzo, ikanirudia mimi niliyeifufua... subiri, vidole, jaribu vidole, vinacheza, basi mguu haujavunjika, au labda hata mguu uliovunjika vidole vyake hucheza, nani anajua, nasukuma, hakisogei, nasukuma tena, mkono unateleza kwa grisi, na hicho kinachodondoka ni nini, hapana, hapana, kifuniko cha tangi kimetoka, petroli inadondoka, inafanya kijito chembamba kwenye udongo, na sakafu hii niliyoisawazisha mwenyewe kwa jembe imeinama kidogo, imeinamia kule kwenye jiko, jiko lina makaa mekundu, nililiwasha mwenyewe ili nipashe plagi moto, maana plagi baridi ilikuwa inakataa kutoa cheche, na hapo nilijiona mjanja, haya Chrispinus, mjanja, kijito hicho kinatembea, piga kelele basi, lakini nimpigie nani, watu wote wamekwenda kwenye matanga ya mzee, ami yake mke wangu, kule kwa wakwe zangu, leo wanapitisha mafahali juu ya kaburi, na mwanamume aliyebaki nyumbani siku ya mafahali ni mgonjwa au ni mimi, nikafungua kinywa nipige kelele hivyo hivyo, na hapo ndipo niliposikia nje, karibu kabisa na mlango, "Hodi. Wenye boma mko?" nikafunga kinywa.

Mama mkwe. Sauti ya mama mkwe, mama wa Navalayo, hapa kwangu, peke yake, bila binti wa kumsindikiza, bila habari, kwa miguu kutoka kule ukingoni mwa msitu, jambo hilo halifanyiki, mama mkwe haji kwa mkwewe kama anayekuja kuomba moto, na mimi nimelala chali kifua wazi na kaptula iliyochanika penye haya, akichungulia tu humu ndani nimekwisha, nitaonana vipi na watu, watasema mkwe wa fulani alijilaza uchi mbele ya mama wa mkewe... lakini hatachungulia, namjua, nasikia anaburuta miguu kwenda kwenye migomba, anaketi, kupitia ufa wa ukuta naona mgongo wake, kitambaa cheupe kichwani, amegeuzia kibanda kisogo kama inavyompasa, na ameelekeza macho kwa yule kuku wangu mwekundu, kwa sababu mimi na yeye hatuzungumzi, hatutazamani usoni, hatupeani mikono, tukiwa na neno tunamtuma mtu, na mtu akikosekana tunamtuma kuku. "Wewe kuku," anasema, "mwenye boma aliamka salama?" Na mimi, hebu nisikilize mimi, mwanamume aliyelaliwa na pikipiki, petroli inatembea kuelekea makaa, nikajibu kwa sauti ya heshima, "Kuku, mwambie mgeni tuliamka salama," tuliamka salama, ulimi umejisemea wenyewe, ulimi umelelewa vizuri kuliko kichwa. "Kuku, muulize, ng'ombe wako?" Wako. "Kuku, na mvua huku ilipiganga namna gani?" Ilinyesha sana, mwambie mgeni, ilinyesha sana, na huku natambaza mkono, nakwangua udongo kwa kucha, najenga ukingo mdogo mbele ya kijito, udongo mbichi, unashika, Navalayo angeniona angesema ndiyo, baba, cheza na udongo, ndiyo kazi uliyobakiza.

Kwa sababu amenivumilia yule mwanamke. Pikipiki ililetwa ndani ya magunia mawili, injini gunia moja, vikorokoro gunia la pili, magurudumu yamefungwa kamba juu, akayatazama akaniuliza, hii ni pikipiki au ni mifupa, nami nikasema ni pikipiki, nikamimina mifupa ile juu ya jamvi lake, nikachukua sufuria yake ya mboga nikachemshia cheni kwa grisi, nikaisugua kwa majivu, naapa niliisugua, lakini kunde za jioni zilikuwa na ladha ya gereji na tukala obusuma, ugali wetu, kimya kimya, tangi lililotoboka nikaliziba kwa sabuni yake ya mche, karatasi ya kuzibia injini isivuje nikaikata kwenye kalenda ya mwaka wa uhuru kabla mwaka wenyewe haujaisha, springi ya kurudisha waya wa mafuta nikaitoa kwenye mtego wa panya, na panya wakafurahi, kila nikifunga nati moja nyingine inalegea, nikimaliza kuifunga yote vinabaki vyuma viwili mkononi ambavyo sijui vilitoka wapi, nafungua tena, naanza tena, na watu wanapita njiani wakiuliza Chrispinus, imepona? Najibu bado kidogo, na kwao Navalayo habari zilifika, alirudi siku moja akacheka akasema mama anasema chuma hicho kitakula mtu, nami sikucheka, niliumia, nikajua huyu mama hanitaki tangu siku ile ya mtoto, na sasa tazama, maneno yake yametimia, kimeanza na mguu... anasema nini, anamwambia kuku nini, "...jua halijatoka uchungu ukamshika..." uchungu, uchungu wa nani, "...kuku, mwambie mwenye boma, tumbo la Navalayo limekuja kabla ya mwezi wake, na mtoto amekaa vibaya, mkono umetangulia."

Mkono umetangulia. Nimelisikia neno hilo na bado naangalia ukingo wangu wa udongo, umekaa vizuri, kijito kimesimama nyuma yake, kinajaa, naangalia ukingo nafikiri nitaongeza udongo upande wa kushoto, mkono umetangulia, Navalayo, alikwenda kwao kumlilia ami yake tu, alisema nitarudi baada ya mafahali, nilimwambia rudi taratibu, alisema kwani nina haraka gani, mtoto ni wa mwezi ujao... na huyu mama ameketi pale anauliza mvua ilipiganga namna gani, kwa nini hakusema kwanza, kwa nini tumesalimiana na kuku wakati mkono umetangulia, na mimi je, kwa nini sikusema, ukingo umebomoka, umebomoka katikati, kijito kinapita, nasukuma udongo, kinazunguka spana, kinashuka, na sauti ya mama mkwe inaendelea taratibu, mgongo umenyooka, "Wanaume wote wako kule ng'ambo kwa mafahali. Wanawake walitaka kumbeba kwa machela tangu alfajiri wampeleke hospitali Kakamega. Mimi nikakataa. Nikawaambia, mkwe wangu ana chombo. Machela ni siku nzima, chombo ni saa moja. Nikasema msimguse, ngojeni, naenda kumuita mwenyewe. Kuku, mwambie mwenye boma, nimekuja kuchukua pikipiki."

Amekataa machela. Kwa ajili yangu, yule aliyesema chuma kitakula mtu, yule niliyedhani hawezi kuniona hata kivuli, amemlaza mwanawe chini akasema ngojeni mkwe wangu ana chombo, naye hakuwahi kukiona kikitembea hatua moja, hakuna aliyekiona, mimi mwenyewe nimekiona kikitembea leo tu, na kimetembea kutoka pale mpaka juu yangu, nataka kucheka, nataka kulia, hakuna kinachotoka, nimeshtuka mpaka meno yamekuwa baridi, ameniamini, kwa nini aliniamini, ni nani alimwomba, angenidharau tu kama nilivyozoea, saa hizi machela ingekuwa imeshafika nusu ya njia, wanawake wanaimba, Navalayo anawatukana kwa uchungu, wangekuwa karibu na mashine ya kupasulia mbao, pale pale... pale Mideva aliponyamaza. Sisemi jina hilo. Hakuna anayesema jina hilo nyumbani kwangu, mwanangu wa kwanza, homa ilimchoma siku mbili, baiskeli ikapasuka tairi, tukaenda kwa miguu, bibi yake amembeba mgongoni anatangulia, mimi nafuata nyuma mbali kidogo, nimeinamisha uso nisimtazame mama mkwe anavyotembea, ndivyo ilivyotupasa, njia nzima natazama matope na nyayo zake, na pale kwenye mashine ya mbao akasimama, akasema bila kugeuka, mtoto amenyamaza, hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia mimi bila kupitia kwa mtu wala kuku, na mimi nikaapa nitanunua kitu chenye magurudumu na injini, nikasema kilichomuua mtoto ni miguu, miguu ni polepole, nikaenda Lugari... "Kuku," anasema, "mbona mwenye boma amenyamaza?"

Sema, Chrispinus. Kijito kimebakiza upana wa kiganja kufikia jiko, naweza kunyoosha mkono, mkono hautoshi, joto lake nalisikia kwenye ncha za vidole, sema, kaptula imechanika, acha ichanike, ni mama wa mkeo, ni mama wa mkeo lakini mkono umetangulia, sema, ulimi ulioitikia salamu zote za mvua na ng'ombe sasa umekauka, kama ningekuwa peke yangu ningeshapiga kelele zamani, ni heshima ndiyo inanichoma humu ndani, heshima pekee, "Mama," nimesema, siyo kuku, nimesema mama, naona mgongo wake umeshtuka, "Mama, nimelaliwa na pikipiki. Petroli inakwenda kwa moto. Ingia." Kuku anadonoa. Nimemwambia mama mkwe ingia, nimevunja kitu, sijui kama kinaungwa kwa mbuzi wa faini au kwa kitu gani, haji, atakwenda kutafuta mwanamume, hakuna mwanamume, haji... kisha kitambaa cheupe kikageuka, na kwenye ufa wa ukuta nikaona uso, mara ya kwanza katika maisha yangu uso wa mama mkwe unanitazama, ana macho ya Navalayo, hakuna aliyewahi kuniambia, na macho hayo yameona kifua na kaptula na grisi na yote, akaingia hana haraka hana hofu, akashika jiko kwa leso yake akalitoa nje na makaa yake, nikalisikia likianguka mbali kwenye majani mabichi, akarudi, akamwaga udongo wa mikono miwili juu ya kijito changu, akachuchumaa karibu na kichwa changu, karibu hivi kwamba nasikia harufu ya moshi na maziwa kwenye nguo zake, na mimi nikafumba macho kama mtoto anayedhani akifumba haonekani.

"Fungua macho," amesema. "Hiki kitu kinatembeanga?" Nikasema kinatembea, mama, kimenirukia, kinatembea mno. "Mguu wako je?" Vidole vinacheza. "Daraja la kule kwetu limebebwa na maji. Utapita njia ya wanawake wa kuni, huijui, itabidi nikuonyeshe." Sikuelewa, nimelala naangalia mikono yake ikitafuta mahali pa kushika kwenye chuma, mikono mifupi, imepasuka, mikono iliyombeba mwanangu, na ndipo akasema, hatazami pembeni, hatafuti kuku, ananitazama mimi, "Siku ile ulikuwa kijana mwenye nguvu. Ungenipokea mtoto ukakimbia. Na mimi ningekupa. Lakini ningekugusa mikono. Wewe ukaona haya, mimi nikaona haya, tukatembea." Nini, anasema nini, hapana, ilikuwa baiskeli, tairi lilipasuka, miguu yetu ilikuwa polepole, miguu... miguu ya nani, miguu yake, mwanamke mzee na mzigo mgongoni, yangu ilikuwa mizima, yangu ilikuwa inajizuia isimfikie, njia nzima ilikuwa inajizuia, mwaka mzima nimefunga nati na kufungua nati usiku na mchana juu ya jamvi la Navalayo, nikitengeneza kitu cha kukimbia, na siku ile cha kukimbia nilikuwa nacho, Mungu wangu, nilikuwa nacho, nilikitazama chini kwenye matope njia yote, na huyu amelijua hilo siku zote, amekaa nalo peke yake kule ukingoni mwa msitu, hakunichukia, alikuwa ananionea haya tu na kujionea haya, na leo amekuja nalo kwa miguu mpaka hapa... petroli imelowesha mgongo wangu, baridi, chuma bado kiko juu ya mguu, hakuna kilichosogea humu kibandani isipokuwa jiko, nje kuku analia, mbali kule ng'ambo ngoma za mafahali zinasikika, amepata mahali, mkono mmoja kwenye usukani mmoja chini ya kiti, amejikaza hajainua bado, ananitazama kwa macho ya Navalayo. "Nitakaa nyuma yako," anasema. "Baba Mideva, mtu akikaa hapo nyuma anashikanga wapi?" Na mimi nasikia mdomo wangu, mkavu, unasema anamshika anayeendesha, mama, anamshika kiunoni, kwa mikono miwili, anashika sana.