Samaki wa Rosmauli

Samaki mwenyewe alishikwa kwa mkono, na hapo ndipo roho ya Tiurma ilipoanza kukataa.

"Hata wavu sikuutia," mumewe Pardomuan alisema, kicheko tele. "Kaja mwenyewe. Mjukuu wetu ana nyota huyo."

Nyota gani, jamani. Samaki mzima wa afya haji kujikabidhi. Tangu kiwanda cha karatasi kianze kumwaga uchafu wake ghubani, bata wa jirani walikuwa wakifa shingo zimepinda, na ziwa lilinuka mayai viza. Tiurma akasema wanunue samaki mjini.

"Samaki wa baraka ya mimba ya kwanza ya binti yako, ukamnunue sokoni? Wakwe watatucheka mpaka tuzikwe."

Tiurma akambeba jikoni. Alipomwosha yule samaki, matamvua yalikuwa meusi na maji yakatoka rangi ya kutu. Akampika hivyo hivyo, mzima na magamba yake kama desturi inavyotaka, kwa manjano na ile pilipili ya porini inayotia ulimi ganzi.

Ukweni watu walijaa. Rosmauli, binti yao, mwenye mimba ya miezi saba, alikaa mkekani akitabasamu, na samaki akawekwa kichwa kikimwelekea. Ni yeye tu wa kumla, wote wakiona, ndipo mtoto azaliwe salama.

"Kula, mwanangu," baba yake akasema.

Rosmauli akanyoosha mkono. Tiurma akaivuta sahani.

Angesema nini? Kwamba amewaletea wakwe sumu? Na kumtupa samaki yule ni kumlaani mtoto. Basi akamla samaki yeye mwenyewe. Kwa mikono miwili, mbele ya kadamnasi, akaila baraka ya mwanawe.

"Huyu mama njaa yake ya lini?" mtu akanong'ona, mwingine akacheka. Kisha hakuna aliyecheka tena.

"Mama," Rosmauli akasema taratibu, machozi yakimtoka, "unamla mwanangu."

Tiurma hakuinua uso. Alitafuna mpaka mkia, asibakize hata kipande cha binti yake kugusa.

Kwenye boti ya kurudi Pardomuan alimpa mgongo njia nzima. Ganzi ya pilipili ile huisha kabla chai haijapoa. Walipofika nyumbani Tiurma alikuwa bado hausikii ulimi wake, na sasa hata vidole.